Jibu la Laiboni: Carl Jung, Mlima Elgon na Ndoto Zisizosimuliwa

Wanaofundisha saikolojia ya kina, hasa wanaoiunganisha na malezi ya kiroho, wana kisa kimoja wakipendacho. Mwishoni mwa 1925 Carl Gustav Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, alipiga kambi Mlima Elgon akamuuliza laiboni (mganga na mtabiri) mzee, aliyevaa joho la ngozi za kima, habari za ndoto zake. Machozi yakimlengalenga, mzee alijibu kwamba zamani malaiboni waliota wakajua kama kunakuja vita, maradhi au mvua, na mifugo ipelekwe wapi. Tangu Wazungu waingie, hakuna aotaye tena. Ndoto hazina kazi, kwani Waingereza wanajua kila kitu. Jung akahitimisha kuwa mkuu wa wilaya amekalia nafasi ya sauti ya Mungu, na tangu hapo kisa hiki husomwa kama cheti cha kifo cha roho ya Mwafrika.

Ninaupinga usomaji huo. Jibu la mzee yule lilikuwa la kisiasa, limetolewa na mtu mwenye hadhari mbele ya mgeni asiyemjua. Halituelezi lolote la hakika kuhusu usingizi wake.

Kwamba maandishi ya Jung juu ya Waafrika yana ubaguzi, hilo halina mabishano tena. Farhad Dalal alilionyesha mwaka 1988, na mwaka 2018 wanasaikolojia wa mkondo wa Jung mwenyewe walilikiri katika barua ya wazi. Nisichokikubali ni utetezi unaobaki: kwamba, ubaguzi ukiwekwa kando, pale Elgon Jung alisikiliza. Alisikia maneno, lakini hakuuliza yanasemwa katika hali gani.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Miongoni mwa Wanandi, majirani na ndugu wa lugha wa watu wa Elgon, utabiri ulikuwa mamlaka ya kuongoza vita. Mwaka 1905 orkoiyot wao, yaani mtabiri na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Mwaka 1923 mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa kwa kuhofiwa kwamba anaandaa maasi, akaja kuwa huru mwaka 1964. Na Novemba 1925, mwezi uleule Jung aliposhuka Mombasa, sheria mpya ya uchawi ilianza kutumika Kenya, ikimtia hatiani anayejitangaza kuwa mganga mwenye uwezo wa kutia watu hofu au madhara. Sasa anafika Mzungu, kapitia Kakamega penye ofisi ya mkuu wa wilaya, ana askari wa kumlinda, anamuuliza mtabiri kama bado anaota mambo ya vita. Angejibu nini?

Jung mwenyewe alikaribia sana kuliona hilo. Katika kumbukumbu zake anasimulia kwamba aliwapa watu sigara, viberiti na pini ili wamsimulie ndoto, wakavipenda vitu hivyo lakini wasiseme neno. Akashuku kwamba sababu ni woga na kutoaminiana. Hapo hapo akauhamishia woga huo kwenye imani za kichawi, kana kwamba mtu wa Elgon mwaka 1925 hakuwa na jambo jingine la kuogopa. Na laiboni alipofika, shaka hiyo haikutumika kabisa.

Lakini ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote uko katika sentensi chache za ukurasa huohuo, ambazo wafasiri wake huzipita mbio. Watumishi wa msafara, Wasomali na Waswahili wa pwani, hawakuwa na haya ya ndoto. Walikuwa na kitabu cha Kiarabu cha taabiri ya ndoto, wakikifungua kila siku njiani. Walipokwama katika tafsiri walimwendea Jung, wakimwita mtu wa Kitabu kwa kuwa alikuwa na maarifa ya Kurani. Tuitazame kambi hiyo. Upande mmoja mzee anasema hakuna aotaye tena tangu Wazungu waje. Hatua chache kutoka hapo vijana walioishi na Wazungu kila siku wanaamka, wanasimuliana ndoto, wanafungua kitabu, wanajadiliana. Nao walikuwa na elimu ya kupambanua. Hadithi za Mtume zinagawa ndoto mafungu matatu: bishara ya Mwenyezi Mungu, vitisho vya shetani, na yale mtu anayoizungumzia nafsi yake. Fungu hili la tatu lilitambuliwa karne nyingi kabla ya saikolojia ya Vienna na Zürich.

Jung alitaka mtu wa asili asiyeguswa na maandishi. Msomaji mwenye kitabu mkononi hakufaa kuwa ushahidi, kwa hiyo akabaki mtumishi.

Itasemwa kwamba machozi ya mzee hayawezi kuwa siasa. Kwa nini yasiwe? Mtu aliyenyang'anywa mamlaka ya babu zake ana haki ya kulia, hata kama usiku uliopita aliota. Itasemwa pia kwamba tunategemea masimulizi ya Jung peke yake, yaliyochapishwa zaidi ya miaka 30 baada ya safari. Ni kweli, na udhaifu huo unawapata kwanza wale waliojenga juu yake nadharia ya roho iliyopotea.

Nawaomba wenzangu wanaofundisha saikolojia katika vyuo vya Afrika Mashariki waache kumtumia laiboni wa Elgon kama msiba wa kufundishia. Waanze na wale watu wa pwani: vitabu vya taabiri vilivyosomwa majumbani na madrasani, masheikh na akina bibi ambao bado huulizwa ndoto asubuhi, na namna wanavyomrudisha muulizaji kwenye mwenendo wake mwenyewe. Kazi hiyo inadai Kiarabu, Kiswahili na uvumilivu wa kukaa barazani. Wenye kuijua bado wapo, na wengi wao ni wazee.