Kiitikio
Kiitikio, ambacho katika ushairi huitwa pia kibwagizo au kipokeo, ni sehemu ya wimbo inayorudiwa baada ya kila ubeti, na kwa kuwa ndiyo inayonata upesi kichwani, watu wengi huishia kuuelewa wimbo kwa sehemu hiyo peke yake. Kwa mfano, wimbo "Born in the U.S.A." ("Nimezaliwa Marekani") wa mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen, uliotoka mwaka 1984, ulipokewa na wengi kama sifa kwa Marekani kwa sababu ya kiitikio chake, ingawa beti zake zinasimulia masaibu ya askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakosa kazi. Wimbo hauna budi kusikilizwa beti zote, kwani ndizo zinazokipa kiitikio maana.