Dawa moja, majina mengi: Namna ya kusoma pakiti kutoka ng'ambo

Dawa zinazofika Nyamache, Kaunti ya Kisii, katika mizigo ya jamaa wanaoishi Marekani mara nyingi huwa na majina yasiyoonekana katika maduka ya dawa ya huku. Abagusii ni wengi katika jimbo la Minnesota, na si ajabu tembe za maumivu kutumwa nyumbani pamoja na nguo na viatu. Jina kubwa lililo mbele ya kopo ni la kibiashara tu. Linaloitambulisha dawa yenyewe ni lile dogo, aghalabu upande wa nyuma, likiandamana na kipimo cha miligramu.

Mfano ulio wazi zaidi ni parasetamoli, ambayo Wakenya wengi huijua kama Panadol. Nchini Marekani dawa iyo hiyo huandikwa "acetaminophen" na huuzwa sana kwa jina la Tylenol. Mgonjwa anayemeza tembe mbili za Panadol, kisha akaongeza mbili za Tylenol kwa kuwa homa haijashuka, hajabadilisha dawa. Amerudia ile ile. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Kupita hapo ni kulihatarisha ini, tena siku ya kwanza mgonjwa huweza asihisi lolote. Dawa hiyo imo pia katika NyQuil, ya mafua, na Excedrin, ya kichwa, ambayo huongezewa aspirini na kafeini.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha majina ya kimataifa ya dawa tangu 1953, ila kwa baadhi ya dawa Marekani imeshikilia majina yake. Ndiyo maana salbutamoli ya pumu huko huitwa "albuterol".

Kinyume chake pia hutokea. Mnamo 2006, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitahadharisha kuhusu majina ya kibiashara yanayofanana kwa dawa tofauti. Flomax ya Marekani hutibu matatizo ya tezi dume. Ya Italia ilikuwa ya kupunguza uvimbe.

Kwa wanyama, kosa ni ghali zaidi. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli ipasavyo, na tembe moja ya miligramu 500 yaweza kumuua. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au samawati, uso huvimba, naye hupumua kwa shida. Kumkatia kipande si suluhisho. Mbwa naye huumizwa tumbo na figo na ibuprofeni, ambayo hapa ni Brufen na Marekani ni Advil. Anayepaswa kuulizwa ni daktari wa mifugo.

Kwa dawa za binadamu, mfamasia aliyesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ataweza kusaidia, mradi apelekewe pakiti yenyewe. Ikiwa tembe zilihamishiwa bahasha, zichunguzwe: tembe za Marekani kwa kawaida huchapwa herufi au nambari, na kwazo dawa huweza kutambuliwa.