Uji na Moto: Ubishi wa Kale juu ya Ugonjwa wa Ateri

Baba alipopatwa na mshtuko wa moyo, karatasi ya maabara ilikuwa bado imekunjwa ndani ya pochi yake. Wiki sita kabla ya hapo alikuwa amepimwa kolesteroli, akaambiwa iko sawa, akarudi nyumbani akimtania mama kwamba sasa ana cheti cha kula nyama choma. Alinusurika, tunashukuru. Lakini siku zile tulizokaa kwenye benchi nje ya wodi, ukoo wetu uligawanyika. Shangazi alisema mtu mwenye damu safi haanguki hivi hivi, lazima kuna mkono wa mtu. Mjomba alisema maabara ilikosea. Mimi, mwanafunzi wa historia na Kiswahili hapa Kampala, sikuwa na la kusema. Nilibaki na swali moja: ni nani aliyeamua kwamba ugonjwa wa mishipa ya moyo ni habari ya mafuta peke yake, na aliamua lini?

Ugonjwa wenyewe huitwa aterosklerosi. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uji, kwa sababu madaktari waliopasua maiti walikuta ndani ya ukuta wa ateri kitu laini cha manjano, kama uji uliopoa. Tangu miaka ya 1840 ilijulikana kwamba ndani ya uji huo mna kolesteroli. Kwa hiyo mafuta hayakuwahi kuwa siri. Ubishi ulikuwa juu ya kilichotangulia.

Mwaka 1852 Carl von Rokitansky wa Vienna alieleza kwamba vitu vinavyotoka katika damu hujibandika kwenye ukuta wa ndani wa ateri, vikarundikana, vikaoza. Kwake yeye, dalili zozote za inflamesheni zilikuwa matokeo tu. Rudolf Virchow wa Berlin alimpinga. Katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1856 alidai kwamba ukuta wenyewe ndio unaoanza kusumbuka, seli zake zinaongezeka, kisha mafuta yanafuata. Alikuwa na uhakika kiasi cha kuupa ugonjwa huo jina linaloishia kwa kiambishi ambacho madaktari hukitumia kwa inflamesheni.

Inflamesheni si neno la mtaani, basi nieleze. Ukichomwa na mwiba, mahali pale panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba na panauma. Celsus wa Roma aliziorodhesha dalili hizo nne karibu miaka 2000 iliyopita. Kinachotokea ndani yake hakikujulikana mpaka mwaka 1882, pale Ilya Metchnikoff alipokuwa Messina, kisiwani Sicily. Alichukua kiluwiluwi cha kiti cha pweza, ambacho mwili wake unapenya mwanga, akakichoma miiba ya waridi. Asubuhi yake alikuta seli nyingi zimeuzunguka mwiba, zinajaribu kuumeza. Hiyo ndiyo kinga ya asili: ulinzi ambao kiumbe huzaliwa nao, usiosubiri kufundishwa na chanjo au na ugonjwa uliopita. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich.

Mtu angetarajia kwamba hapo hoja ya Virchow ingepata miguu. Haikupata. Mwaka 1913, huko St Petersburg, Nikolai Anitschkow na Semen Chalatow waliwalisha sungura kolesteroli iliyoyeyushwa katika mafuta ya alizeti, na ateri za sungura zikaota vidonda vinavyofanana na vya binadamu. Anitschkow aliziona pia seli zilizojaa matone ya mafuta mpaka zikaonekana kama povu. Lakini kilichosafiri duniani kutoka maabara yake ni sentensi fupi: mafuta ndiyo chanzo.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ndipo historia hii inapopita mlangoni kwetu. Mwaka 1959 Gerald Shaper na K. W. Jones, waliofanya kazi Makerere, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya vipimo vya kolesteroli walivyovifanya Uganda. Miongoni mwa Waafrika kiwango kilikuwa chini na ugonjwa wa ateri za moyo karibu haukuonekana. Miongoni mwa jamii ya Waasia, waliokuwa majirani zao, kiwango kilikuwa juu na ugonjwa ulikuwa tatizo kubwa. Matoke na mihogo upande mmoja, chakula chenye mafuta zaidi upande wa pili. Niliposoma habari hiyo nilimfikiria babu, ambaye miaka hiyo alikuwa kijana mjini hapa. Huenda damu yake imo katika wastani mmojawapo.

Ulikuwa utafiti mzuri, na sina sababu ya kuudharau. Lakini watu hao wa jamii mbili walitofautiana kwa mambo mengi kupita sahani: kazi, kipato, mwendo wa kila siku, magonjwa ya utotoni. Katika hayo yote, kolesteroli ilikuwa na sifa moja kubwa: ilikuwa na namba. Ungeweza kuitoa Kampala, ukaiweka kando ya namba za Framingham, mji mdogo wa Marekani ambao wakazi wake walikuwa wakifuatiliwa tangu 1948, na watu wakaelewana. Aliyesema inflamesheni wakati ule alikuwa na picha ya hadubini tu. Mwaka mmoja kabla ya Shaper, yaani 1958, Poole na Florey (huyu Florey ndiye yule wa penisilini) walionyesha jinsi seli nyeupe zinavyoganda kwenye ukuta wa ateri za sungura waliolishwa kolesteroli. Ni picha ya Metchnikoff kabisa, ila mwiba umebadilika. Picha haikuweza kuandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa.

Jambo linaloniudhi ni kwamba kipimo cha inflamesheni kilikuwepo. Tillett na Francis wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walikigundua mwaka 1930 katika damu ya wagonjwa wa nimonia: protini inayotengenezwa na ini mwili unapowaka, ambayo leo huitwa CRP. Kilikuwa kimekaa katika chumba cha magonjwa ya maambukizi, na watu wa moyo walikuwa chumba kingine.

Mlango kati ya vyumba hivyo ulifunguliwa polepole. Kuanzia miaka ya 1970 Russell Ross wa Seattle alitetea wazo kwamba aterosklerosi ni jibu la mwili kwa jeraha la ukuta wa ateri, na mwaka 1999, mwaka aliofariki, aliandika bila kuzunguka kwamba huu ni ugonjwa wa inflamesheni. Kabla yake kidogo, mwaka 1997, Paul Ridker na wenzake walipima damu iliyokuwa imehifadhiwa ya madaktari wanaume wa Marekani waliokuwa wazima wakati walipoitoa. Waliokuwa na CRP ya juu zaidi walipata mshtuko wa moyo karibu mara tatu ya wale wa chini. Hatimaye Virchow naye akapata namba.

Sisemi kwamba mafuta yalikuwa njia ya kupotea. Jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4444, lilionyesha kwamba kushusha kolesteroli kwa dawa ya statini hupunguza vifo kwa asilimia 30. Na mwaka 2010 watafiti walionyesha jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote katika historia hii: fuwele za kolesteroli, zile zile zilizoonekana katika uji wa karne ya 19, zikimezwa na seli za kinga ya asili huwasha mtambo ndani ya seli, na mtambo huo hutoa interlukini-1 beta, mjumbe wa inflamesheni. Mwiba ni fuwele. Rokitansky na Virchow walikuwa wakigombea ncha mbili za kamba moja.

Ilibaki kuthibitishwa kwa watu, na hilo lilifanyika mwaka 2017 katika jaribio lililoitwa CANTOS. Wagonjwa 10,061 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, na ambao CRP yao ilikuwa bado juu, walidungwa kanakinumabu, dawa inayomzuia mjumbe huyo, au sindano isiyo na dawa. Kolesteroli haikuguswa. Hata hivyo, kwa dozi ya miligramu 150, mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 15. Gharama yake ilikuwa wazi: watu zaidi walikufa kwa maambukizi. Ukimfunga mlinzi mikono, mwizi naye anafaidika. Baadaye macho yalihamia kolkisini, dawa ya kale ya jongo na ya bei nafuu. Jaribio la 2019 lilileta matumaini, Marekani ikaikubali kwa moyo mwaka 2023, kisha jaribio kubwa la 2024 halikuona faida kwa waliotoka kupata mshtuko. Jalada hilo bado liko mezani.

Jumapili iliyopita nilimsomea baba rasimu ya insha hii, nikiiruka ile sehemu ya pochi. Alisikiliza akiwa na vidonge vyake vya jioni mkononi, statini na aspirini. "Kwa hiyo mwanangu, yule wa Berlin ndiye aliyeshinda?" Nikamwambia nusu.

Shangazi, aliyekuwa anamenya matoke upande wa pili wa baraza, alisema hata huo moto mnaousema lazima kuna aliyeuwasha. Nilianza kumweleza habari za fuwele, kisha nikataja sigara, maana moshi wake nao huchochea inflamesheni katika ukuta wa ateri. Baba, ambaye hajavuta tangu siku ile ya wodini, alimeza vidonge vyake bila kunywa maji, akatazama barabarani.