Kioo Ukutani: Kutoka Unguja hadi Nyansiongo

Katika Kiswahili neno "kioo" lina maana mbili: kile kipitishacho mwanga dirishani, na kile kirudishacho sura ya mtazamaji. Historia ya kioo kikubwa cha pambo yazihitaji zote mbili. Emily Ruete, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886, aeleza vyumba vya Unguja vilivyopambwa kwa vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya. Vioo hivyo vilitegemezwa na kuta nene za mawe, zilizonyooka.

Kwa Wagusii mambo yalikuwa mengine. Nyumba yao ya jadi ilikuwa ya msonge, na ukuta wa udongo unaozunguka hauna mahali pa kuegemeza kioo kipana. (Adhaniye kwamba walikosa tamaa ya uzuri hajautazama ukuta.) Miaka ya 1960, mashamba ya walowezi huko Nyansiongo yalipogawiwa wakulima Waafrika, nyumba za pembe nne, zenye mabati na madirisha, zilizidi kuenea. Ukuta wa kioo ukapatikana. Lakini ardhi yenyewe ilitolewa kwa mkopo. Pambo likasubiri nyuma ya deni, jambo ambalo mabinti wa Seyyid hawakulijua.