Uchocheaji kwa Nuru: Kazi Mpya ya Kaboni

Sufuria ikiipuliwa mafigani kule Nyabibuye, mkoani Kigoma, kitako chake huwa cheusi tii. Weusi ule ni masizi, na masizi ni kaboni: punje zake moja moja zina upana wa makumi ya nanomita, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa udogo, basi, nanokaboni, yaani kaboni ya vipimo vya nanomita, si mgeni Kibondo wala Kasulu. Ugeni uko kwenye kazi inayopewa.

Masizi yakianikwa juani hufyonza karibu mwanga wote, yakaugeuza kuwa joto, basi. Wanakemia wanataka mwanga huohuo upasue maji kupata haidrojeni, au ugeuze hewa ukaa kuwa methanoli. Vitabuni kazi hiyo huitwa fotokatalisisi, neno ambalo mwanafunzi hulikariri kama jina la mtaa asioujua. Mimi nachagua uchocheaji kwa nuru. Anayechochea moto huteketeza kuni, mkono wake haugeuki majivu. Kichocheo nacho huharakisha mmenyuko bila kuliwa nao. Nuru tumeshaizoea katika usanisinuru wa majani. Ila tusiseme "uchochezi". Huo una kesi yake mahakamani.

Na tusiuite "sola". Sola juu ya bati hutoa umeme, umeme ukachaji simu. Hapa chembe ya kichocheo imo ndani ya maji yenyewe: ikipigwa na mwanga, elektroni yake huruka na kuacha tundu. Elektroni hutengeneza haidrojeni, tundu nalo hunyang'anya maji elektroni nyingine. Balaa ni kwamba elektroni nyingi hurudi tunduni kabla hazijafanya lolote, nishati ikaishia kuwa joto.

Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walieleza jinsi elektrodi ya titani dayoksaidi inavyosaidia kupasua maji ikimulikwa. Lakini madini hayo hula mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni takriban asilimia 5 ya nishati ya jua. Kaboni inaziba pengo hilo, na lile la elektroni kurudi tunduni, kwa njia mbili. Utando wa grafini, unene wa atomi moja, huipokea elektroni na kuipeleka mbali na tundu. Nukta za kaboni, zilizoonekana mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipokuwa wakisafisha masizi ya tao la umeme, huweza kunasa mwanga tunaouona kwa macho. Mpaka leo sehemu kubwa ya kazi hii haijatoka maabara, kwa kuwa mazao yake bado ni haba.

Istilahi inayonisumbua zaidi ni nanokaboni. Watafiti wengi huingiza humo kaboni nitridi, ambayo mwaka 2009 ilionyeshwa kutoa haidrojeni majini kwa mwanga unaoonekana kwa macho, ikisaidiwa na kemikali inayotoa elektroni. Fomula yake ni kaboni 3 kwa nitrojeni 4. Kitu chenye nitrojeni nyingi kuliko kaboni kinastahili kidahizo chake chenyewe kamusini.