Daktari Aliyeona Ugonjwa Badala ya Shamba

Leo mnivumilie, tutazunguka kidogo.

Nyanya yangu hakupenda kuzungumzia kile kijiji cha wakati wa Imajensi. Alisema tu kwamba walichimba handaki kwa mikono yao, wakasimika ndani yake vijiti vilivyochongwa, kisha wao wenyewe ndio wakafungiwa humo. Kufikia mwisho wa 1955 zaidi ya watu milioni 1 wa Kikuyu, Embu na Meru walikuwa wamehamishiwa vijiji vya namna hiyo. Wengi wenu mna habari hii nyumbani. Nilichokuja kujua nikiwa chuo cha Biblia ni kwamba ndani yake kulikuwa na mkono wa daktari.

Aliitwa J. C. Carothers. Alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyepasuliwa ubongo sehemu ya mbele. Hebu isome tena hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikamwita aieleze Mau Mau, na ripoti yake ikapigwa chapa Nairobi. Watu walikuwa wanalia mashamba. Yeye chanzo akakitafuta vichwani mwao: eti ni watu wa msitu, wasiri, waliovurugwa akili na mabadiliko. Kati ya dawa alizopendekeza ni kuwakusanya watu vijijini.

Vijiji havikutoka kwake peke yake, wanajeshi walikuwa na sababu zao. Wala sijasikia kwamba aliinua fimbo. Lakini aliyekuwa akimfungia mama na watoto wake sasa angeweza kulala usingizi, akijiambia anatibu.

Na onyo lilikuwapo. Agosti 1947, kule Nuremberg, kesi ya madaktari wa Hitler ilikatwa: washtakiwa 23, madaktari 20, watu 7 wakahukumiwa kunyongwa. Wale waliua, simweki Carothers kiti kimoja nao. Ila kabla ya kuua, madaktari wengi wa Ujerumani walikuwa wameshakubali kumwita Myahudi ugonjwa ndani ya mwili wa taifa. Neno la daktari lilitangulia.

Hapo Mwea, chini ya Embu, kuanzia 1957 wafungwa wa Mau Mau walipigwa ili wakiri kiapo, na serikali ikaita hiyo kuwarekebisha. Kukiri, wapendwa! Neno letu la madhabahuni.

Sasa nije kwangu. Miaka michache iliyopita mjane mmoja alinijia. Shemeji zake walikuwa wamehamisha mipaka ya shamba la marehemu. Nilimsikiliza dakika tano, nikamwekea mikono, nikakemea roho ya uchungu. Akasema amina, akaenda. Wiki ya tatu akarudi, akaniuliza kwa upole, "Pasta, hiyo roho ikitoka, mawe ya mpaka yatarudi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilifungua Ayubu 13:4, mahali Ayubu anapowaambia rafiki zake wao ni matabibu wa namna gani. Someni wenyewe. Jumatatu nikavaa koti, nikamsindikiza kwa chifu, na tulipofika tulikaa kwenye benchi hadi saa nane mchana, yeye na bahasha yake ya karatasi za shamba, mimi nikiwa sina la kumhubiria.