Walimu, Wazazi, Wachoraji

Uchoraji wa kisasa wa Afrika Mashariki una deni kubwa kwa baraza la nyumba moja mjini Kampala. Hapo ndipo Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa mke wa daktari, alipoanza kufundisha sanaa mwaka 1937, na darasa lake likakua hadi likawa shule ya sanaa ya Makerere. Aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, kisha akawaachia wachore walivyoliona akilini mwao.

Sam Ntiro wa Machame alipita mikononi mwake, kisha naye akafundisha Makerere. Picha zake za Wachaga shambani na kwenye sherehe zimejaa watu wanaofanya jambo moja kwa pamoja, na mojawapo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960. Elimo Njau wa Marangu, mwanafunzi mwingine wa Makerere, alishiriki kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965. Kulea wasanii wenzake kukawa kazi ya maisha yake, sawa na kuchora.

Dar es Salaam mambo yalianza bila chuo wala mtaala. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Wanunuzi walipoongezeka akawaita ndugu na jamaa, akina Simon Mpata na January Linda, wakajifunza kwa kumtazama akipaka. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa amechora miaka minne tu. Bila wale jamaa, jina lake lingezikwa naye. Mwanawe Daudi pia alishika brashi.

Lakini ualimu na ulezi havikumgharimu kila mtu sawa, na hapa sina budi kumtaja Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, na alikuwa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kuanzia 1950 hadi 1952. Kisha akaolewa, akalea watoto, akafundisha shuleni kwa miongo mitatu na zaidi. Wanaume waliosoma chuo hichohicho walikuwa wakifanya maonyesho wakati yeye akisahihisha madaftari. Ni dhuluma kuiita miaka ile mapumziko.

Alipostaafu, binti yake akamhimiza arudi kwenye sanaa. Rangi zilikuwa ghali, basi akachukua kilichokuwapo nyumbani: pakiti za unga, karatasi za sabuni, kurasa za magazeti yenye picha. Alizikata vipande vidogovidogo, akavibandika kwa gundi hadi vikatoa kuku, swala, wanawake kazini. Ukizitazama picha hizo kwa karibu, unaona mkunjo wa shingo ya mtu umetokana na mabadiliko madogo ya rangi kati ya kipande na kipande. Uvumilivu huo naamini aliujenga darasani na jikoni, ingawa umaskini wa vifaa haukuwa baraka, na angestahili rangi tangu ujana.

Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum ya Harlem, na mwaka 1992 vielelezo vyake vya riwaya ya mwandishi wa Nigeria, Amos Tutuola, vikaonyeshwa Paris. Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2006 alihamia Ireland kuishi na binti yake, na huko ndiko alikofariki mwaka 2021.